Si Figo: Uchambuzi wa Kisa cha Dereva Aliyeumwa Mguu kwa Sababu ya Mgongo

Mgonjwa anayezungumziwa hapa ni dereva wa lori mwenye umri wa miaka 44, anayesafirisha mizigo kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Tunduma na, mara nyingine, kupitia Zambia hadi Lubumbashi. Kisa chake kimeundwa kutokana na mambo yanayojirudia kliniki, kwa hiyo si cha mtu mmoja anayeweza kutambuliwa, ingawa hakuna sehemu yake itakayomshangaza mhudumu wa kituo cha afya kilichopo kando ya barabara kuu. Alifika akiwa na bahasha iliyojaa majibu ya mkojo, picha mbili za eksirei na vyeti vya dawa kutoka vituo vitatu tofauti. Kabla hajakaa alikuwa amekwisha kutoa hitimisho lake: figo zimechoka, na mguu unauma kwa sababu figo ndizo zinazousukumia maumivu.

Hitimisho hilo halikuwa sahihi, lakini hakulibuni yeye. Alipewa, na kwa wiki nne alilitumikia kwa fedha na kwa afya yake. Uchambuzi huu unafuata namna ugonjwa wake ulivyotambuliwa, kwa sababu sehemu kubwa ya jibu ilikuwemo katika maelezo yake mwenyewe na katika mguu wake, si katika vile vilivyokuwa ndani ya bahasha.

Maelezo yalikuwa hivi. Gurudumu la nyuma la trela lilipasuka karibu na Ruaha Mbuyuni, chini kidogo ya mlima Kitonga, naye pamoja na utingo wake walilishusha gurudumu la akiba na kuliinua kwa mikono. Alihisi kiuno kimekatika, lakini hakuanguka, na safari iliendelea. Kwa siku nne au tano zilizofuata kiuno kilikaza kiasi kwamba kila aliposhuka kwenye kichwa cha lori ilimbidi ashikilie mlango kwanza ndipo anyooke. Kisha mambo yaligeuka. Kiuno kilipoa, na mguu wa kushoto ukaanza kuwaka, kuanzia kwenye tako, nyuma ya paja, nyuma ya goti, katikati ya kigimbi, hadi ukingo wa nje wa unyayo na kidole cha mwisho. Alieleza kuwa ni kama shoti ya umeme, na kwamba kila tuta la barabarani, kila chafya na kila kikohozi kiliirusha upya. Kukaa kulikuwa kubaya kuliko kutembea, na foleni ya Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, ambako dereva hukaa na kulala ndani ya gari, ilikuwa mateso. Jambo la mwisho alilisema kama nyongeza tu, ilhali lilikuwa na uzito kuliko yote: alipokanyaga klachi, mguu ulikuwa ukitetemeka na kutaka kurudi wenyewe.

Kabla ya kufika hapo alikuwa amepitia mengi. Kituo cha kwanza kilipima mkojo, kikaona chembe chache za usaha, kikampa dawa za kuua bakteria kwa madai kwamba mkojo mchafu umepanda kwenye figo. Cha pili kilimchoma sindano za diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, kwa siku tano, na baada ya hapo aliendelea kununua vidonge vyake dukani. Cha tatu kilimpiga eksirei na kumwambia kuwa pingili zimesagika. Mzee mmoja wa nyumbani kwake alisema ni ngiri. Mkandaji alimpanda mgongoni kwa miguu. Na kwa ushauri wa madereva wenzake alivaa mkanda mpana wa kiunoni, ambao alikuja nao ukiwa umekazwa juu ya shati.

Dhana ya figo inastahili kujibiwa kwa makini, kwa sababu ndiyo inayowachelewesha watu wengi zaidi. Figo zimekaa juu, chini ya mbavu za mwisho, pande mbili za mgongo. Zikipata maambukizi au zikizibwa na jiwe, huuma pale ubavuni, na maumivu huweza kushuka mbele kuelekea kinenani. Mara nyingi huambatana na homa, kutetemeka, kutapika au damu kwenye mkojo, na hayabadiliki mtu akiinama au akikohoa. Maumivu ya figo hayashuki chini ya goti hadi kwenye kidole. Zaidi ya hapo, ugonjwa sugu wa figo, ule unaoishia kwenye usafishaji wa damu, kwa kawaida hauumi kabisa katika hatua zake za mwanzo. Ndiyo maana hugunduliwa kwa kipimo cha damu na cha mkojo. Chembe chache za usaha kwenye mkojo wa mtu asiye na homa wala maumivu ya kukojoa hazikutosha kuufunga mjadala.

Uchunguzi wa mwili ulianza alipokuwa anatembea. Alikuwa ameinamia upande wa kulia, jambo ambalo wagonjwa wa namna hii hulifanya bila kujua ili kuipunguzia neva, yaani mshipa wa fahamu, mkandamizo. Aliombwa achuchumie kwa mguu mmoja mmoja huku akishika ukuta. Kwa mguu wa kulia aliinua kisigino mara 20 bila taabu. Kwa wa kushoto aliinua mara mbili, na ya tatu kisigino kilikataa kuondoka sakafuni. Kutembea kwa visigino hakukumpa shida, na kidole gumba cha mguu kilipinga mkono wa mpimaji kwa nguvu sawa pande zote mbili. Nyundo ilipogonga kano ya kisigino, kifundo cha kulia kiliruka, cha kushoto kilitulia. Rifleksi za magoti, yaani mruko wa mguu kano inapogongwa, zilikuwa sawa. Pamba ilipopitishwa kwenye ngozi, ukingo wa nje wa unyayo wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi, wakati upande wa ndani wa muundi na sehemu ya juu ya unyayo zilihisi vizuri.

Kisha alilazwa chali, na mguu wa kushoto ukainuliwa taratibu ukiwa umenyooka. Ulipofika takribani nyuzi 35 alishika ukingo wa kitanda; maumivu yalishuka hadi kwenye kigimbi. Mguu wa kulia nao ulipoinuliwa, ule wa kushoto ndio ulioumia. Kipimo hiki cha kuinua mguu huitwa kwa jina la daktari Mfaransa Charles Lasègue, ingawa kilichapishwa na mwanafunzi wake Forst mwaka 1881, na Mserbia Lazar Lazarević alikuwa amekwisha kukieleza mwaka 1880. Namna zake mbili hazina uzito sawa. Kuinua mguu unaouma huwanasa karibu wote wenye diski (mto ulio kati ya pingili za mgongo) iliyotoka mahali pake, yaani takribani 9 kati ya 10, lakini huwanasa pia wengi wasio nayo. Kuinua mguu usiouma na kuamsha maumivu ya mguu mgonjwa hutokea kwa wachache, lakini kukitokea, uwezekano wa diski iliyotoka hupanda sana. Kwa dereva huyu vyote viwili vilikuwepo.

Hapa inafaa tuangalie namna uti wa mgongo ulivyojengwa. Shingo ina pingili 7, mgongo wa kifua 12, kiuno 5, na chini yake kuna mfupa wa nyonga wa katikati (sakramu) wenye pingili 5 zilizoungana. Kati ya pingili na pingili, isipokuwa kati ya zile mbili za juu kabisa za shingo, kuna diski yenye kiini laini kilichozungushiwa ukuta wa nyuzi ngumu. Ugwe mgongo, ambao ndio shina la mishipa ya fahamu inayotoka kwenye ubongo, kwa mtu mzima huishia kwenye pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo mfereji wa uti wa mgongo una mizizi ya neva tu, inayoning'inia kwa pamoja, na wataalamu waliipa jina la mkia wa farasi. Hili lilimtuliza mgonjwa kuliko dawa yoyote aliyopewa siku ile, kwa sababu hofu yake kubwa baada ya figo ilikuwa kupooza mwili mzima: diski za chini ya kiuno haziwezi kuukata ugwe mgongo, maana ugwe mgongo haufiki huko.

Kila mzizi una eneo lake la ngozi, misuli yake na, kwa baadhi, rifleksi yake. Mzizi wa nne wa kiuno hugusa upande wa ndani wa muundi na rifleksi ya goti. Wa tano hugusa sehemu ya juu ya unyayo na nguvu ya kuinua kidole gumba. Ukiumia sana, unyayo hulegea na mtu huburuta kandambili. Mzizi wa kwanza wa mfupa wa nyonga, unaoandikwa S1, hugusa ukingo wa nje wa unyayo, rifleksi ya kifundo na nguvu ya kusukuma chini kwa kigimbi. Kuchuchumia ni kazi ya S1, na kukanyaga klachi kwa sehemu kubwa pia. Kwa hiyo kabla ya picha yoyote ilikwisha kujulikana kuwa mzizi ulioumia ni S1 wa kushoto, na kwa kuwa mzizi huo hukandamizwa zaidi na diski iliyoko kati ya pingili ya tano ya kiuno na mfupa wa nyonga, mahali palijulikana pia. Kwamba diski iliyopasuka ndiyo husababisha maumivu haya kulithibitishwa na William Mixter na Joseph Barr wa Boston mwaka 1934. Kabla yao, vipande vya diski vilivyokutwa wakati wa upasuaji vilidhaniwa kuwa ni uvimbe.

Jambo lililofuata lilikuwa kuuliza maswali ya hatari, na namna ya kuyauliza ina maana kubwa. Mizizi yote ya mkia wa farasi ikikandamizwa kwa pamoja, kibofu na njia ya haja kubwa hupoteza neva zake, na msamba hufa ganzi. Hiyo ni dharura ya upasuaji. Ikicheleweshwa, mtu anaweza kubaki na mpira wa mkojo maisha yake yote. Ukimuuliza dereva wa makamo kama ana ganzi sehemu za siri, atakujibu hapana hata kabla hujamaliza sentensi. Akiulizwa kama anayahisi maji vizuri anapojisafisha chooni, hufikiri kwanza, kisha hujibu kwa uhakika. Huyu alisema anayahisi. Mkojo ulitoka bila kusukuma, nguvu za kiume hazikuwa zimebadilika, na kipimo cha kugusa ngozi ya msamba kililingana na maneno yake.

Aliulizwa pia kuhusu homa, jasho la usiku, kupungua uzito, kikohozi cha muda mrefu, na maumivu yanayomwamsha hata akiwa ametulia. Katika nchi zetu maswali haya si ya kujaza fomu. Kifua kikuu cha mgongo, alichokieleza Mwingereza Percivall Pott mwaka 1779, bado kipo. Huanza taratibu, hula pingili mbili jirani na diski iliyo kati yao, na mara nyingine hugundulika pale tu kibyongo kinapojitokeza au miguu inapoanza kulegea. Tiba yake ni dawa zile zile za kifua kikuu, ila huchukua miezi 9 hadi 12 badala ya 6 ya mapafu. Mgonjwa mwenye ugonjwa huo akipandwa mgongoni na mkandaji anaweza kuondoka pale akiwa hana miguu. Aliulizwa kama hunywa maziwa mabichi yanayouzwa kando ya barabara, kwa sababu bruselosisi, ugonjwa wa bakteria unaotoka kwa mifugo, nao hukaa kwenye uti wa mgongo. Kama angekuwa na miaka 60 na zaidi, tezi dume ingechunguzwa kwa bidii zaidi, maana saratani yake hupenda kusambaa kwenye pingili. Sukari ilipimwa, ikakutwa ya kawaida. Neva zinazoharibiwa na kisukari huunguza nyayo zote mbili kwa usawa, mfano wa mtu aliyevaa soksi, na hazianzii kwenye tako la upande mmoja.

Sasa tufungue bahasha. Eksirei huonyesha mifupa. Haionyeshi diski wala neva. Picha zake zilionyesha nafasi iliyopungua kati ya pingili mbili za chini na vijiti vidogo vya mfupa pembeni, na hivyo ndivyo alivyoambiwa kuwa pingili zimesagika. Maneno hayo yamewaachia watu wengi ulemavu ambao pingili zenyewe zisingewaachia. Mwaka 2015 watafiti walikusanya picha za watu wasio na maumivu yoyote ya mgongo, wakakuta dalili za kuchakaa kwa diski kwa asilimia 37 ya wenye umri wa miaka 20 na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Diski zilizovimba kidogo zilikuwepo kwa asilimia 30 ya wale vijana wazima. Hii ni mvi ya mgongo. Anayeambiwa amesagika huacha kuinama, huacha kutembea, huacha kwenda shamba, na misuli yake hudhoofika kwa ajili ya picha ambayo jirani yake mzima angeweza kuwa nayo.

Mgonjwa alitaka kujua kama kazi yake ndiyo iliyomharibu. Swali hili lina majibu mawili yasiyokaa vizuri pamoja. Mtikisiko wa gari na kukaa muda mrefu huongeza maumivu ya mgongo kwa madereva, hilo halina ubishi mkubwa. Lakini utafiti wa Finland uliochapishwa mwaka 2002, uliolinganisha jozi 45 za mapacha wanaofanana ambao mmoja wao alikuwa na miaka mingi ya udereva kuliko mwenzake, haukukuta diski za dereva zimechakaa zaidi. Urithi una sehemu kubwa kuliko tunavyopenda kukubali. Gurudumu la Ruaha Mbuyuni huenda lilikuwa jambo la mwisho tu kwa diski iliyokwisha kulegea. Hata hivyo aliumia akiwa kazini, na kwa Tanzania jambo hilo lina njia yake ya kisheria kupitia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Alishauriwa kumtaarifu mwajiri kwa maandishi, kwa kuwa taarifa inayotolewa baada ya miezi mingi huwa ngumu kuthibitishwa.

Tiba ilianza kwa kuondoa. Diklofenaki ilisimamishwa. Shinikizo la damu lilikuwa 160 kwa 98, na kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo, ilikuwa imepanda kidogo juu ya kiwango cha kawaida. Mtu aliyekuja akiogopa figo alikuwa amezitwisha figo hizo mwezi mzima wa dawa ambayo, ikitumiwa mfululizo bila uangalizi, huzipunguzia damu, hupandisha shinikizo na hutoboa tumbo. Dawa za jamii hii zinaweza kusaidia kwa siku chache kwa mtu asiye na vidonda vya tumbo, shinikizo wala tatizo la figo. Kwa huyu hazikufaa tena. Baada ya wiki mbili bila dawa hiyo kreatinini ilirudi kawaida, na shinikizo lilishuka, ingawa si kufikia kiwango kilichotakiwa, hivyo alianzishiwa kliniki ya shinikizo.

Mkanda ulivuliwa. Kulala kitandani siku nzima kulikatazwa. Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 1999 uliwagawa wagonjwa wa maumivu haya katika kundi lililolala kitandani wiki mbili na kundi lililoendelea na shughuli kadiri walivyoweza. Baada ya wiki 12, asilimia 87 ya kila kundi walikuwa wamepata nafuu. Kitanda hakikuongeza kitu. Alielekezwa kutembea vipindi vifupi mara nyingi kwa siku, kuepuka kukaa kwa muda mrefu, na kulala kwa ubavu akiwa na mto kati ya magoti. Mtaalamu wa fiziotherapia alianza na mazoezi ya kuegemeza mwili nyuma na ya kuimarisha tumbo na makalio, akiyabadilisha kila maumivu yaliposhuka zaidi mguuni. Maumivu yanayopanda kutoka unyayoni kurudi kiunoni ni dalili njema hata kama kiuno chenyewe kinaonekana kuzidi, na mgonjwa asipoelezwa hilo mapema hukata tamaa siku ile ile anayoanza kupona.

Aliuliza kuhusu vitamini za neva, ambazo huuzwa kwa wingi na huchomwa kama sindano nyekundu. Vitamini B12 humtibu mwenye upungufu wake. Haiondoi kipande cha diski kilichokalia mzizi. Pregabalini, inayoandikwa sana kwa maumivu ya neva, ilipimwa nchini Australia kwa wagonjwa wa aina hii na matokeo yakachapishwa mwaka 2017: haikuwashinda waliopewa kidonge kisicho na dawa, bali iliwaongezea kizunguzungu. Kumwandikia dereva wa lori dawa ya kizunguzungu kwa faida isiyoonekana si uamuzi mgumu. Onyo moja alilopewa linahusu maji ya moto. Watu hukanda mguu kwa taulo lililochovywa maji yanayochemka, na ngozi iliyokufa ganzi haisemi imeungua. Kwenye ukingo wa unyayo wake kulikuwa tayari na kovu jipya la waridi, refu kama kidole, ambalo yeye mwenyewe hakuwa ameliona.

Picha ya MRI, ile ya sumaku inayoonyesha diski na neva, haikuombwa siku ile. Nguvu zilikuwa zimepungua kidogo lakini hazikuwa zikiendelea kupungua, dalili za hatari hazikuwepo, na picha isingebadilisha hatua za wiki zilizofuata. Aliambiwa arudi baada ya siku saba kupimwa nguvu, na arudi usiku huo huo iwapo mkojo utagoma, msamba utakufa ganzi, mguu wa pili utaanza, au unyayo utalegea.

Alirudi siku ya tano, usiku, na sababu ilikuwa mkojo. Tangu jioni alikuwa akienda chooni na kusimama muda mrefu, mkojo ukitoka kwa matone. Aliyempokea alikuwa na mambo mawili ya kufikiri. La kwanza ni mkia wa farasi, na hilo halisubiri asubuhi. La pili lilijulikana alipoulizwa ametumia nini: dereva mwenzake alikuwa amempa amitriptilini, dawa ya zamani ya sonona inayotumika pia kwa maumivu ya neva, naye alikuwa amemeza vidonge viwili kwa siku mbili mfululizo. Dawa hiyo huweza kuzuia mkojo. Ingekuwa rahisi kuilaumu dawa na kumrudisha nyumbani, lakini dawa inaweza kuwepo na mkandamizo ukawepo vile vile. Msamba ulipimwa upya, ukawa unahisi. Misuli ya njia ya haja kubwa ilibana vizuri. Kipimo cha mawimbi ya sauti baada ya kukojoa kilikuta mililita 80 tu kwenye kibofu, wakati wasiwasi huanza zaidi pale zinapozidi 200. Hata hivyo MRI ilifanyika usiku ule, na huo ndio uamuzi ambao mwandishi wa uchambuzi huu angeutetea mbele ya mtu yeyote, pamoja na gharama yake.

Majibu yalikuwa ya kurasa mbili na yalitaja diski tatu. Mbili kati yake, zile za juu, zilikuwa zimekauka na kuvimba kidogo, na hazikuhusiana na lolote alilolalamikia. Ya tatu, kati ya pingili ya tano ya kiuno na mfupa wa nyonga, ilikuwa imepasuka, na kipande cha kiini kilikuwa kimetoka upande wa kushoto na kuukalia mzizi wa S1 pale pale ulipotarajiwa. Mfereji ulikuwa na nafasi ya kutosha, na mizizi ya mkia wa farasi haikubanwa. Amitriptilini iliachwa, na kufikia siku ya pili mkojo ulirudi kawaida.

Kuona neno kupasuka kwenye majibu kulimfanya aulize kuhusu upasuaji, hata kuuza kiwanja ili aende India. Hapa ndipo mambo huenda kinyume na mtu anavyotarajia. Kipande kilichotoka nje kabisa hupungua chenyewe mara nyingi zaidi kuliko diski iliyovimba tu, kwa sababu kikishafika mahali penye damu, chembe za kinga hukiona kuwa kitu kigeni na kukila. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2015 yalikuta kupungua kwa asilimia 96 ya vipande vilivyokatika kabisa, asilimia 70 ya vilivyotoka bila kukatika, na asilimia 13 tu ya diski zilizovimba. Maumivu nayo hayatokani na mkandamizo peke yake; kemikali za kiini kilichomwagika huuchoma mzizi, na kadiri mwako huo unavyopoa, mtu hupata nafuu hata kabla kipande hakijaisha.

Upasuaji una nafasi yake, na ni makosa kuuogofya. Kwa mkia wa farasi ni wa lazima na wa haraka. Kwa mguu unaozidi kupoteza nguvu, unastahili kujadiliwa mapema. Kwa maumivu makali yanayozidi wiki sita hadi nane bila kusikia tiba, ni chaguo halali, na nchini unafanyika, ikiwemo katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Safari ya ng'ambo si sharti. Utafiti mwingine wa Uholanzi, wa mwaka 2007, uliwafuatilia wagonjwa 283: waliopasuliwa mapema walipona maumivu ya mguu haraka zaidi, lakini baada ya mwaka mmoja asilimia 95 ya kila kundi walikuwa wameona wamepona, na katika kundi lililosubiri asilimia 39 ndio walioishia kupasuliwa. Kwa hiyo mtu hununua muda. Kwa dereva asiyelipwa asipokuwa barabarani, muda huo una bei, na uamuzi ulibaki mikononi mwake na mkewe baada ya kuelezwa pia kuwa diski iliyopasuliwa inaweza kutoka tena. Walichagua kusubiri hadi wiki ya nane tangu mguu uanze kuuma, kwa sharti kwamba nguvu zipimwe kila wiki.

Wiki ya sita aliweza kulala usiku mzima. Wiki ya nane maumivu yalikuwa yamepanda, yakabaki kwenye tako, na mguu uliinuliwa hadi nyuzi 65. Upasuaji haukutajwa tena na upande wowote. Alirudi kazini mwezi wa tatu kwa safari za Morogoro na Dodoma, baada ya mwajiri kukubali kwa maandishi kuwa asipakie wala kubadilisha gurudumu peke yake, na kwamba asimame kila baada ya saa mbili. Kiti cha lori, ambacho springi yake ilikuwa imekufa muda mrefu, kilibadilishwa. Kuhusu Lubumbashi, yeye mwenyewe aliomba asubiri.

Katika kipimo cha mwisho alichuchumia mara 14 kwa mguu wa kushoto, na klachi haikumtetemesha tena. Ganzi ilikuwa imebaki kwenye kidole cha mwisho peke yake. Rifleksi ya kifundo cha kushoto haikurudi, na kwa wagonjwa wengi wa S1 hairudi hata wanapopona kabisa. Imeandikwa kwenye faili na kwenye kadi anayotembea nayo, ili daktari atakayegonga kifundo hicho miaka ijayo asikihesabu kuwa tatizo jipya.